Ngumi Huanzia Kisiginoni

Kwenye kiti cha upande wa pili wa basi, kijana mwenye glovu za ndondi shingoni alikuwa akimwonyesha mama mwoka mikate, ambaye hata hakumjua, vifundo vya vidole vyake vilivyoota sugu kama kwato.

"Kila alfajiri nalitwanga gunia la mchanga ngumi mia mbili, mama. Jumamosi nina pambano. Yule jamaa nikimgusa tu, kwisha habari yake."

"Huo mchanga umekukosea nini?" mama akauliza. "Ngumi huanzia kisiginoni, mwanangu, ikapita kiunoni. Mkono ni tarishi tu. Mimi nakanda unga nusu gunia kwa siku. Ningetegemea mikono, ningeshazikwa."

"Unga na taya ni vitu viwili tofauti, mama yangu."

"Haya, simama hapo. Kinga kiganja."

Kijana akasimama huku akicheka, akakinga. Mama akavua kandambili, akaukita mguu kwenye sakafu ya basi, akazungusha kiuno. Pu. Bondia wa Jumamosi akaja kukaa mapajani mwangu, mimi ambaye sikualikwa kwenye ubishi wao.

Abiria walishangilia mpaka konda akasahau kuita vituo. Kijana akajizoazoa, akakitazama kiganja chake kilichoiva.

"Hapana, mama. Basi lilikuwa linayumba. Ndilo lililonisukuma."

Wakati huohuo tukaingia kituo cha mwisho, na dereva akazima injini.

"Sasa limesimama," mama akasema, bado yuko pekupeku. "Kinga tena."