Mister Donato Hakuuza Mechi

Ndugu wafiwa, majirani wa Mtaa wa Chemchemi, wafanyakazi wa posta, na ninyi mashabiki wa Jukwaa la Kusini ambao leo mmekuja bila ngoma, familia ya marehemu Donato Lacerenza imemteua Saverio Lioi, kinyozi, kiongozi wa jukwaa hilo kwa miaka thelathini na mmoja, awasomee historia yake, na mnasomewa hapa nje kwenye ngazi kwa sababu Padre Vito aliiomba karatasi hii asubuhi, akaisoma mara mbili, akasema, "Saverio, hii huisomi ndani ya kanisa langu," halafu akakohoa, akaongeza, "ngazi ni za manispaa." Padre tunamshukuru. Tunaomba mtu yeyote asiondoke kabla ya mwisho, hasa walioko mstari wa mbele.

Marehemu alizaliwa hapa Serravento tarehe 7 Agosti 1950, siku ya mtakatifu ambaye alipewa jina lake, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa Mzee Pasquale, mchonga mawe, na Mama Teresa. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1956 hadi 1961, akaendelea na shule ya ufundi Potenza kwa miaka mitatu, akirudi kwa basi kila Jumamosi kwa sababu Jumapili kulikuwa na mpira, na walimu waliandika kwenye ripoti yake kwamba kichwa anacho, ila amekiacha uwanjani.

Mwaka 1967 alivaa kwa mara ya kwanza jezi ya kijani na njano ya Serravento, beki wa kushoto, hakuwa na mbio sana, lakini winga aliyempita mara moja hakutamani kujaribu tena, akacheza hadi goti lilipomkatalia mwaka 1979. Tangu tarehe 1 Machi 1972 alikuwa mgawa barua wa mji huu, kwa miguu, miaka thelathini na mitatu, akamjua kila mtu na kila mbwa, na hapo ndipo ilipotoka timu yake, maana alipokabidhiwa ukocha Julai 1991, tukiwa mkiani, hakwenda kutafuta wachezaji mbali, aligonga milango ile ile aliyopelekea barua, akawaambia akina mama, "Huyu wako anayevunja vioo vya watu nipe mimi, nitakurudishia Jumapili amechoka." Tulipanda daraja mara tatu. Kwa miaka hiyo yote, Mister, kama tulivyomwita, hakuwahi kulipia kahawa yake mwenyewe pale baa ya uwanjani, kila alipotaka kulipa aliambiwa kuna mtu ameshalipa.

Jumamosi, tarehe 28 Juni 1975, alifunga ndoa na Incoronata Summa katika kanisa hili, mwezi aliouchagua yeye, na mkewe anasema aligundua baadaye kwamba ulichaguliwa kwa kuwa ligi ilikuwa imekwisha. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Mariangela, aliyezaliwa 1977, ambaye ni mwalimu, na Vitina, wa 1981, muuguzi huko Bologna, pamoja na wajukuu wanne.

Sasa tufike Jumapili ya tarehe 25 Mei 2014, maana ndiyo iliyotuleta kwenye ngazi hizi. Ilikuwa fainali ya mchujo dhidi ya Torresanta, tulihitaji sare tu, na asubuhi ile Mister alimweka benchi Canio Tolve, kipa ambaye hakuwa amefungwa mechi sita mfululizo, akampanga kipa wa akiba, Tonino mwoka mikate, mwenye miaka thelathini na tisa na kitambi, ambaye alijitahidi kwa moyo wake wote na akafungwa mawili kwa moja. Kesho yake mwenyekiti wa klabu, Bwana Ernesto Mancusi, mfanyabiashara wa saruji, alimfukuza kazi mbele ya kamera, akasema, "Jiulizeni kwa nini kipa bora alikaa benchi, mimi nimeshajiuliza."

Hakusema zaidi ya hapo, kwamba Mister ameuza mechi tulijimalizia wenyewe. Tuliandika jina la Mister kwenye bango tukalining'iniza kichwa chini jukwaani msimu mzima, jinsi tunavyowafanyia wasaliti, na aliyefunga kamba zake ni huyu anayewasomea, na mafundo aliyakaza vizuri. Kuna aliyeandika "Yuda" kwenye dirisha lake kwa rangi ya jezi yetu, Incoronata akasugua siku mbili, na pale baa, kuanzia Jumatatu ile hadi mwisho, Mister alilipia kahawa yake akainywa akiwa amesimama, peke yake. Alipoulizwa alijibu, "Nilimpanga kipa niliyemtaka," basi, akaenda zake.

Januari 2021 alianza kukohoa, hospitali ya Potenza ikagundua mapafu yameanza kukakamaa, akatibiwa karibu miaka mitatu, akipanda ngazi za mtaa kwa vituo, na Jumanne ya tarehe 14 Novemba 2023, saa nne asubuhi, alifariki kitandani kwake akiwa ameshikwa mikono na mabinti zake.

Mnajua kwamba nyumba yenye msiba hapa kwetu haiwashi jiko, wengine ndio huleta chakula, na ukila chungu cha mtu msibani umeshamaliza naye ugomvi. Jana mchana dereva wa Bwana Mancusi alileta sinia la makaroni ya kuoka la kutosha watu kumi na watano, na ujumbe kwamba mwenyekiti atabeba jeneza upande wa kulia mbele, kisha atasema machache. Incoronata, ambaye ni mwepesi wa kusamehe kuliko sisi sote, alikuwa ameshapanga sahani. Ndipo akaingia Canio Tolve, ametoka Stuttgart anakofanya kazi, begi bado begani, akauliza sinia la nani, akajibiwa.

"Mama, msile," alisema. "Jumamosi ile kabla ya fainali Mancusi aliniita ofisini, akaniambia niachie mabao mawili, Torresanta wanajenga shule na yeye ndiye atakayewauzia saruji. Mke wangu alikuwa mjamzito, na mimi nilikuwa kibarua kwenye bohari lake. Asubuhi nikamwambia Mister, nikalia kama mtoto. Akasema, 'Wewe kaa benchi na unyamaze, shirikisho wakijua uliitwa ukaenda watakufungia mpira maisha, subiri mpaka uache mpira.' Nikaacha mpira, Mama, na bado nikanyamaza. Ni woga tu, sina neno jingine."

Tonino mwoka mikate, aliyekuwa pale jikoni, aliketi akasema, "Miaka tisa nimedhani ni kitambi changu." Incoronata alilifunika sinia kwa kitambaa lilichokuja nacho, akamkabidhi dereva, aliyekuwa bado mlangoni, akasema, "Mrudishie tajiri wako, mwambie hapa hakuna mwenye njaa ya namna hiyo, na bega lake alipumzishe, wabebaji ninao."

Maelezo ya Canio yameandikwa na kutiwa sahihi leo asubuhi, nakala moja iko polisi, moja imetumwa shirikisho la mpira, na ya tatu imebandikwa ukutani hapo nyuma yenu, juu ya tangazo la rambirambi la mwenyekiti, lile lenye herufi kubwa kuliko tangazo la familia. Someni wote, nanyi mnaoishi kwa mshahara wake someni pia, hakuna atakayewaandika majina. Sisi wa Jukwaa la Kusini tuna hasira na mtu huyu, na hatuoni haya kuisema mbele ya jeneza, lakini tunajua alihitaji mikono yetu na tulimpa. Jana tulipiga magoti tukamwomba msamaha mjane, akatuangalia mmoja mmoja, akajibu, "Bado," na ni haki yake.

Jeneza litabebwa na Canio Tolve, Tonino, wakwe wawili wa marehemu na wagawa barua wawili. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Potenza, majirani waliopika, wafanyakazi wa posta waliofunga ofisi leo bila kuomba ruhusa, na Bwana Mancusi kwa kufika mwenyewe na kusimama mahali ambapo kila mtu anamwona, maana tulikuwa tumejiandaa kumfuata.

Pumzika kwa amani, Mister, ichukue yote, mwenyekiti hatukumbakizia hata chembe.