Sura ya "Nimekosea"

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada yake mdogo, nimeombwa niwasomee historia ya kaka, naye hakuwa na subira na maandishi yanayozunguka, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mwalimu wa chekechea, na tangu alipoanza kutambaa hakutulia, mama akambandika jina la Kiguu na Njia. Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akaendelea na sekondari ya bweni, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu uchapaji mwaka 1990.

Alifanya kazi kiwandani kama mpiga chapa, na mwaka 2004 akahamia kampuni inayotengeneza programu za kompyuta za hospitali, akapewa kitabu cha maelekezo kwa watumiaji akiboreshe, na hapo ndipo usingizi ulipomhama. Kitabu kilipangwa jinsi wahandisi walivyoijenga programu, wala si jinsi karani anavyoitumia, ukurasa mmoja ukikutuma kwa mwingine, na huo mwingine ukikurudisha ulikotoka. Akazivunja sura, akazipanga upya, akaweka faharasa, lakini jambo moja alikataliwa: sura ya "Marekebisho ya Taarifa", iliyokaa mwisho kabisa, aliitaka iitwe "Nimekosea" na ije mwanzoni, maana aliyekosea hana muda wa kutafuta, na meneja wake, ambaye yupo hapa na atanivumilia, alisema kampuni haiwezi kufungua kitabu chake kwa neno kama hilo.

Alifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1995 na wifi yangu, mwoka mikate, wakajaliwa binti na mvulana, waliozoea kula sahani zikiwa mapajani kwa sababu meza ilikuwa ya karatasi za baba.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023. Alipolazwa, tarehe 6 Februari, karani wa mapokezi aliingiza vipimo vyake kwenye faili la mgonjwa mwingine, akapekua kitabu kile kile cha kampuni ya kaka huku jasho likimtoka, hata kaka, akiwa juu ya machela, akamwelekeza mwenyewe pa kufunua. Hasira aliyopata siku ile ilitutisha kuliko ugonjwa, kila asubuhi alimpigia meneja simu huku daktari akisubiri kumpima presha, akihofia kwamba atakufa na sura ile bado iko nyuma, mpaka mwezi Mei meneja akasalimu amri.

Tarehe 30 Mei, kitabu kipya kikiwa wodini, muuguzi alibonyeza mahali pasipostahili, akashtuka, akafunua jalada, akaikuta "Nimekosea", akasahihisha, akaendelea na kazi bila kumuuliza mtu. Kaka alimtazama mwanzo hadi mwisho, akageukia ukutani akalala, na wifi anasema tangu waoane hakuwahi kumwona amelala mchana. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti na turubai, wafanyakazi wenzake, na wewe pia meneja, ingawa ulichelewa.

Kiguu na Njia, hakuna wa kukutuma ukurasa mwingine tena, tulia sasa, kaka, upumzike kwa amani.