Yowe la Uongo na Sikio la Kulwa

Ndugu zangu, Bwana wetu asifiwe! Asifiwe na huko nyuma pia, kwa vijana mnaonong'onezana! Nipeni amina ya nguvu, maana mimi mnayenijua sokoni kwa mdomo, leo naogopa kusema. Jina langu ni Nyangi, wengi mnaniita Mama Ghati, nauza vitenge hapa Morotonga, Mugumu. Ushuhuda huu wengine mmeshausikia. Naomba mnivumilie muusikie tena, kwa sababu mliousikia haukuwa mzima.

Nilizaliwa Tarime, kijiji cha jirani na machimbo. Ilikuwa miaka ile dhahabu ilipowachanganya watu akili. Mashamba ya mihogo yaligeuka mashimo, watu wakaja kutoka kila upande, na baba yangu, mkulima wa kawaida, akawa mwenye duara, yaani shimo lake mwenyewe, na vijana wa kumchimbia. Mimi nilikuwa darasa la sita, nina miaka kumi na tatu. Ghafla nikawa na viatu vinavyong'aa na biskuti kwenye mfuko wa sketi kila siku. Biskuti ni kitu kidogo, lakini mpe mtoto wa darasa la sita biskuti za kugawa, atajiona waziri!

Nikawa na wapambe. Wankuru, rafiki yangu mkubwa, alinibebea madaftari. Wengine walinishikia nafasi kwenye foleni ya maji. Nikimkasirikia mtu nilisema neno moja tu, "Mchunieni," na kuanzia hapo hakuna wa kumsemesha, hakuna wa kumwazima hata kalamu. Msichana mmoja tulimchunia muhula mzima kwa sababu alicheka nilipokosea hesabu. Alikuwa akila kiporo chake nyuma ya darasa, uso ameuelekeza ukutani. Na mimi nililala usingizi mzuri kabisa! Walionipenda walikuwa wachache, walioniogopa walikuwa wengi, na sikuweza kuwatofautisha.

Basi akaja Kulwa. Msukuma, mwembamba, mama yake anapikia wachimbaji wali na maharage kule machimboni. Watu kama wao tuliwaita wakuja. Shati lake lilikuwa na viraka na biskuti hakuwa nazo. Lakini mtoto yule alijua kutangaza mpira! Wavulana wakicheza wakati wa mapumziko, yeye anasimama pembeni, anaweka ngumi mdomoni, anatangaza kama redio: nani ana mpira, nani kaanguka matopeni, mwalimu mkuu anakatiza uwanja na tai imemkaa shingoni kama kamba ya mbuzi. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Wiki ya kwanza walimwendea wachache. Wiki ya pili nilibaki kwenye ngazi za darasa na Wankuru na biskuti zangu, na Wankuru naye shingo ameigeuzia uwanjani.

Nikasema, "Mchunieni." Walijaribu! Waliziba masikio, halafu wakacheka. Utamchunia vipi mtu anayekuvunja mbavu? Ndugu zangu, wivu ulinila. Hata chakula kilinishinda.

Sasa vijana mliokulia mjini nisikilizeni hapa. Kwetu yowe la ng'ombe si kelele za kawaida. Mtu akilipiga, anayelisikia naye analipiga, linapokelewa kilima kwa kilima, na kila mwanaume anaacha alichoshika. Mwenye upinde anachukua upinde, mwenye panga anachukua panga. Maswali yanakuja baadaye. Na aliyepiga yowe ndiye shahidi. Atatafutwa, atasimamishwa mbele ya watu, naye atasema alichokiona.

Siku hiyo alasiri tulikuwa tunatoka shule, mimi na kundi langu. Kwenye njia ya mtoni tukakutana na Kulwa anamvuta mtamba kwa kamba. Mtamba wa kwetu, namjua kwa doa la usoni. Kulwa akanitabasamia, mimi niliyeagiza asisemeshwe! Akasema, "Nyangi, huyu si wenu? Nimemkuta kwenye mahindi ya watu. Nampeleka kwenu kabla hajawaletea kesi."

Ningesema ahsante, habari ingeishia pale. Lakini nilimwacha apite, nikasubiri afike bondeni, nikamkonyeza Wankuru. Nikaweka mikono mdomoni nikalipiga. "Ng'ombeee! Wanachukua ng'ombeee!"

Nilitaka nini? Nilitaka wamkimbize kidogo. Nilitaka aanguke, tumcheke, na kesho yake shule nzima isimulie habari zangu badala ya zake. Akili ya miaka kumi na tatu! Lakini kilima cha pili kikaitikia. Cha tatu kikaitikia. Wachimbaji wakatoka mashimoni wameshika nyundo, weupe kwa vumbi. Mimi nikafunga mdomo, lakini yowe lilikuwa limeshakuwa la watu wengine, na nilikuwa sina uwezo wa kulirudisha.

Na Kulwa, mgeni wa watu, hakujua kwamba anayetafutwa ni yeye. Mwizi angekimbia. Yeye alisimama na kamba yake anaangaza huku na huku. Mwanaume wa kwanza alipomfikia akamwuliza, "Mura, we kijana, unampeleka wapi huyu ng'ombe?" Kulwa, badala ya kujibu, naye akauliza, "Wako wapi hao wezi?"

Wakaanza kumpiga.

Tuliteremka mbio. Mzee mmoja mwenye upinde akapaza sauti, "Nani kapiga yowe?" Wankuru akanisukuma mbele kwa fahari. "Ni huyu! Ni Nyangi!" Watu wakanipisha njia. Ndugu zangu, sijawahi kuwa maarufu kama dakika ile! Wanaume wazima wenye mapanga wananisubiri mimi! Baba yangu alikuwa kati yao, tope mpaka magotini. Mzee akaniambia, "Sema, binti. Ulimwona akimwiba?" Nilichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu.

Nikamwomba Mungu moyoni, "Yesu, nitoe hapa." Hakunitoa, alinipa sauti. Nikapiga kelele, "Nimedanganya! Alikuwa anamleta kwetu! Nimedanganya mimi!"

Aliyekuwa ameinua panga akalishusha. Haleluya! Akalishusha! Mama yake Kulwa akafika mbio, mwiko bado mkononi, akamlalia mwanawe pale chini, na Kulwa akasema, "Mama, unaniumiza." Alikuwa hai! Mpaka leo nikikumbuka sauti ile namshukuru Mungu.

Baba yangu hakunipiga pale. Aliniambia tu, "Umetaka kutuulia mtoto wa watu." Wazee wakamtoza mbuzi kwa ajili ya yowe la uongo, akalipa kichwa kimeinama. Fimbo zangu nilizipata nyumbani, na nilizistahili. Shuleni hakuna aliyesema "mchunieni", lakini nilichuniwa. Wankuru alihama dawati. Nikamfuata yule msichana wa nyuma ya darasa, nikamwomba msamaha, akanisogezea kiporo chake.

Baada ya wiki baba akanipeleka kwa mama Kulwa. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akanipakulia wali, akaniwekea mbele. Akasema, "Kula, mwanangu. Usingesema, leo ningekuwa na matanga." Haukupita mwezi wakahama kufuata machimbo mengine.

Hapo ndipo nilipokuwa nikimalizia ushuhuda huu. Mlikuwa mnapiga makofi, mnasema, tazama binti jasiri! Wapendwa, niliukata. Nilipofika pale bondeni Kulwa alikuwa amepigwa fimbo mbili. Mzee aliniuliza, na mimi nikanyamaza. Nilijua ukweli wote, nao ulikuwa mdomoni kabisa. Nikageuka kuwatazama wapambe wangu, nikafikiria watakavyonicheka kesho. Wakati nafikiria kuchekwa, fimbo ya tatu ikashuka kwenye sikio lake. Ndipo nikasema. Fimbo mbili zilitokana na yowe langu, na hizo niliziungama. Ile ya tatu ilitokana na ukimya wangu, na ile niliificha. Niliificha kwa baba, niliificha kwa mume wangu, niliificha hapa hapa madhabahuni! Nilipokuwa nawafundisha watoto wenu hapa kanisani kwamba uongo ni dhambi, fimbo ile ilikuwa inaniuma.

Mwezi uliopita nilikwenda Sirari, kule mpakani, kufuata mzigo wa vitenge. Nikaingia kwa mama ntilie kunywa chai. Dereva mmoja wa lori alikuwa anakula, na mwenzake akamwita kwa nguvu mlangoni, "Kulwa! Kulwa wewe!" Hakugeuka. Mwenzake akaja akamgusa bega. Nikaiacha chai yangu! Nikajivuta, nikasimama karibu yake, nikamsalimia. Akaniambia kwa upole, "Pita upande huu, mama. Sikio hilo halisikii."

Ndugu zangu, nililia mbele ya sahani za watu. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia na ile fimbo ya tatu, yote, sikuacha kitu. Akasukuma maharage kwa kijiko. Halafu akasema, "Nilijua. Nilikuwa nimelala chini, nakuangalia wewe. Nilikuona umenyamaza." Akaniambia mama yake ameshafariki, na kila alipoomba alilitaja jina langu kwa shukrani. "Mimi nilikuwa namkasirikia kwa hilo," akasema. "Sikumwambia nilichokiona. Nilisema, Nyangi mwenyewe ataniambia. Sasa umeniambia. Nimekusamehe. Yameisha."

Yameisha! Mnalisikia neno hilo? Alimwambia mwenye mkahawa aniletee chai nyingine, tukanywa kama watu waliosoma pamoja. Nilirudi Mugumu nimelala njia nzima, kondakta akaniamsha stendi. Usingizi ule sikuwahi kuupata tangu utotoni.

Namshukuru Mungu. Alimhifadhi Kulwa bondeni, akanihifadhi na mimi nisife na uongo wangu. Nyie watoto wa darasa la sita na la saba, nawajua, nawaona mnavyotembea kwa makundi. Mnayemchunia ana mama anayemsubiri nyumbani. Na nyie wakubwa wenzangu, kama una ushuhuda uliokatwa katikati, uje nao mzima. Yesu hatishiki na kipande ulichokiruka. Mbele hapa pana nafasi. Anayeogopa kuchekwa, aje asimame karibu na mimi.