Bi. Doreen Thackray, Aliyeuona Mpira wa Pinki Ukisogea

Bi. Doreen Thackray alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1944, huko Wombwell, nje kidogo ya Barnsley, akiwa mtoto wa pili wa Bwana Harold Lumb, mchimba makaa ya mawe, na mkewe Ivy. Wanaomfahamu watadhani alizaliwa anaongea. Si kweli. Alifika miaka mitatu hajasema neno, alikuwa anatazama tu, mpaka bibi yake akaanza kumwombea. Siku alipofungua mdomo alisema, "Stanley kala." Kaka yake Stanley, ambaye yuko hapa leo na ameshaanza kucheka, alikuwa amekula keki ya jirani iliyopotea dirishani tangu asubuhi. Tangu siku hiyo nyumbani kwa akina Lumb ilijulikana kwamba Doreen akisema ameona, ameona. Ingekuwa heri kama habari hizo zingefika mbali zaidi ya nyumba ile.

Alisoma Wombwell, msingi na sekondari, akamaliza Julai 1959 akiwa na miaka kumi na mitano. Hesabu zilimpiga chenga. Sindano ndiyo ilikuwa mkono wake, na Septemba ya mwaka huohuo aliajiriwa katika kiwanda cha mashati mjini Barnsley, akashona mapindo ya mikono kwa miaka kumi na miwili. Mapindo tu, siyo kola wala mifuko. Mtu akipita barabarani kifungo cha mkono kimelegea, Bi. Doreen alikijua kabla mwenye shati hajajua. Mwaka 1971 alihamia jikoni kwa shule moja ya msingi, akapika na kupakua chakula cha watoto hadi alipostaafu mwaka 2004. Wapo humu kanisani watu wazima wenye vipara aliowalazimisha kula kabichi.

Alifunga ndoa na Bwana Clifford Thackray Jumamosi, tarehe 11 Juni 1966. Walikutana katika klabu ya snuka iliyo juu ya bucha la Wombwell, Doreen alipokwenda kumrudisha kaka yake nyumbani. Clifford alikuwa mezani, anaongoza, watu kimya. Ghafla akajiinua, akamgeukia mwamuzi akasema, "Faulo. Nimegusa." Hakuna aliyekuwa ameona. Alipoteza mchezo ule, na Doreen akamwambia Stanley wakiwa ngazini, "Yule ndiye." Kwa waliokuja kwa ajili ya Mama na si kwa ajili ya snuka, ielezwe hapa: mipira ya rangi hupigwa kwa fimbo mezani itumbukie mashimoni, na mchezaji akigusa mpira kwa nguo au kwa mkono, anajisema mwenyewe. Hangoji kukamatwa. Hiyo ndiyo heshima ya mchezo, na Clifford aliiamini zaidi ya alivyoliamini kanisa. Walijaliwa watoto wawili, Gaynor, anayesoma haya, na Neville.

Clifford alicheza snuka ya kulipwa kuanzia mwaka 1979. Hakuwa mchezaji wa kwenye televisheni. Alikuwa mchezaji wa mchujo, wale wanaogombea nafasi ya kuingia mashindano makubwa, katika kumbi zenye meza nane, mapazia katikati na watazamaji wasiojaza basi. Bi. Doreen alimfuata kila mahali na chupa yake ya chai na pai ya nyama ya nguruwe, akakaa safu ya mbele bila kukohoa. Na hapa familia inaomba msisinzie, maana maisha yote ya Mama baada ya hapa yanatoka siku moja.

Alhamisi, tarehe 26 Machi 1987, Preston, raundi ya mwisho ya mchujo. Clifford alicheza na Bwana Royston Beale wa Stockport. Fremu, yaani michezo midogo ndani ya mechi, zilikuwa tisa kwa tisa. Katika fremu ya mwisho ilibaki mipira mitatu, wa bluu, wa pinki na mweusi, yaani alama kumi na nane, na Beale alikuwa nyuma kwa kumi na nne. Alilazimika kutumbukiza yote mitatu. Akainama juu ya ule wa pinki ili aupige wa bluu. Mwamuzi alikuwa nyuma yake. Clifford alikuwa kitini anafuta miwani. Bi. Doreen alikuwa hatua tatu kutoka mezani, na alikuwa ameshakiona kifungo cha mkono wa kulia wa Beale kimefunguka. Pindo likaburuta juu ya mpira wa pinki. Mpira ukasogea, ukatulia.

Kama Beale angesema, Clifford angeongezewa alama sita na mambo yangekwisha. Hakusema. Alinyanyua macho, yakakutana na ya Bi. Doreen, akayashusha, akapiga. Bluu, pinki, mweusi. Na Bi. Doreen, mwanamke aliyewahi kumkemea mwalimu mkuu mbele ya wazazi, alifungua mdomo na kuufunga. Mtazamaji hasemi ukumbini mchezaji akiwa ameinama. Alikuwa amefundishwa hivyo na Clifford mwenyewe, na alitii. Alijutia utii ule kila siku ya Mungu aliyobakiwa nayo.

Ndani ya gari, wakirudi, alimwambia mumewe. Gaynor alikuwa kiti cha nyuma na anayakumbuka maneno.

"Cliff, aligusa pinki."

"Nani?"

"Royston. Kwa pindo la shati. Kifungo kilikuwa wazi."

"Angegusa angesema."

"Hakusema! Nimeona kwa macho yangu, na yeye kaniona nikiona."

"Doreen, tumeshindwa, basi. Usimpake mtu matope kwa sababu unanipenda."

Mwisho wa msimu Clifford aliachwa nje ya orodha ya wachezaji wa kulipwa, akarudi kiwanda cha chupa alikofanya kazi zamani. Beale alicheza kwenye televisheni mara moja ile, akapata mdhamini, akajenga chumba cha vioo nyuma ya nyumba. Clifford hakumchukia. Hilo ndilo lililomuua Mama polepole. Kila alipolianzisha, jibu lilikuwa lilelile, angegusa angesema, na kwa upole, kama anayemtuliza mgonjwa. Neville alikuwa upande wa baba yake. Klabu nzima ilikuwa upande wa Clifford, na wakamtungia Mama jina, Doreen wa Pinki. Mliomwita hivyo mmo humu. Familia imewapa viti vizuri.

Kuanzia msimu uliofuata Bi. Doreen alihudhuria kila mechi ya mchujo ya Royston Beale. Kila moja, kwa miaka ishirini na tisa. Alimfuata Blackpool, Prestatyn, Wigan na Sheffield. Alibadilisha treni tatu siku ya mvua ya mawe ili amwone Beale akifungwa asubuhi, akarudi kupika kabichi siku ya pili akiimba. Alijifumia sweta ya pinki, akakaa safu ya mbele, pale pale ambapo mchezaji akiinama hana budi kumwona. Hakusema neno, hakuzomea. Walioshindana na Beale aliwapigia makofi ya adabu, hata kijana mmoja kutoka Bangkok ambaye jina lake lilimshinda kutamka. Beale akikosa mpira rahisi, Mama alifungua karatasi ya pai yake taratibu sana, ikishakwisha zamu yake, kama sheria inavyoruhusu.

Mwaka 1998 mhudumu wa ukumbi alimwinamia akamnong'oneza, "Mama, samahani, mchezaji anaomba uhamie nyuma. Anasema unamsumbua."

"Nimesema neno?"

"Hapana, Mama."

"Nimekohoa?"

"Hapana."

"Basi mwambie aje mwenyewe aniambie nimemkosea nini. Na aseme kwa sauti, watu wasikie."

Beale hakuja. Alifungwa kumi kwa mbili. Bi. Doreen alimnunulia yule mhudumu chai.

Clifford alifariki tarehe 9 Novemba 2003, kwa moyo. Siku mbili kabla, Mama alimuuliza kwa mara ya mwisho kama anamwamini. Alimshika mkono akasema, "Wewe ni mke mwema, Doreen. Lakini angegusa angesema." Akalala. Walikuwa na miaka thelathini na saba ya ndoa, na waliyoachiana ndiyo hayo. Mwenye kutaka kujua kwa nini mjane wa miaka hamsini na tisa aliendelea kupanda treni kumtazama mzee mmoja akikosa mipira, ameshajua.

Aprili 2016, Sheffield, Beale alipoteza mechi yake ya mwisho akiwa na miaka sitini. Alimkuta Bi. Doreen kwenye foleni ya chai.

"Bi. Thackray, Cliff yuko kaburini mwaka wa kumi na tatu. Unanitaka nini?"

"Sentensi moja."

"Itabadilisha nini sasa?"

"Kwako, sijui. Mimi nimeitwa mwongo nyumbani kwangu."

Beale aliweka kikombe mezani akaondoka, chai hakuigusa.

Bi. Doreen aliugua mapafu mwaka 2022. Mwezi Desemba mwaka jana alilazwa hospitali na hakurudi nyumbani. Jumamosi, tarehe 27 Januari, Royston Beale aliingia wodini na zabibu kwenye mfuko. Amezeeka. Gaynor alitaka kumtoa nje kwa ukosi. Mama akasema mwache. Beale alikaa, akavua kofia, akaanza, "Bi. Thackray, ile pinki ya Preston..."

Mama aliinua kiganja.

"Usiniambie mimi. Mimi niliona. Kawaambie wasioona."

"Cliff ameshakufa. Nimwambie nani?"

"Wapo waliomwamini Cliff. Mwanangu yupo. Klabu ipo."

"Nitawapata wapi wote pamoja?"

"Nikifa watakuja. Kutakuwa na sandwichi."

Beale alilia. Neville alikuwa mlangoni, hakuuliza kitu, na hajauliza hadi leo. Mama alimwangalia mzee wa watu akilia mpaka akamaliza, kisha akamwambia zabibu aondoke nazo. Kuna watakaosema angemsikiliza tu, mgonjwa kwa mzee, wakamaliza. Familia iliwaza hivyo pia. Alipoulizwa, alijibu, "Nimsikilize chumbani ili arudi nyumbani amepona, mimi nizikwe Doreen wa Pinki? Ng'o!" Hakumsamehe, na familia haitasimama mbele ya jeneza lake kudanganya kwamba alimsamehe.

Alifariki dunia Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na tisa, Gaynor akiwa amemshika mkono. Wasifu huu aliusikiliza wote isipokuwa aya hii na zinazofuata, akasahihisha tarehe mbili, akaagiza uchapwe ulivyo, na majina yasifichwe.

Ameacha kaka mmoja, Stanley Lumb. Watoto wawili, Gaynor na Neville. Wajukuu watatu, Kerry, Joel na Imogen. Na klabu moja ya snuka inayomdai radhi, au anayoidai, tutajua muda si mrefu. Baada ya mazishi wote mnakaribishwa juu ya bucha. Sandwichi zipo, kama alivyoahidi.

Lakini kabla jeneza halijatoka. Bwana Royston Beale yumo humu, safu ya tatu, upande wa dirisha. Alipiga simu kuuliza kama anaruhusiwa kuja, akajibiwa karibu. Hakuambiwa kwamba ataitwa. Anasikia sasa, pamoja nanyi. Wabebaji wa jeneza wameagizwa wasiliguse mpaka asimame aseme, au atoke nje kwa mlango ule, mbele ya watu wote hawa. Mama hana haraka. Neville, mwana wa mama yangu, weka hiyo karatasi chini, umtazame.

Apumzike kwa amani Doreen Thackray, aliyeona.

Bwana Beale, zamu yako.