Mkono wa Mariam Poni

Pale Koboko, barabara inapochepuka kwenda Kaya, mpakani mwa Sudan, palikuwa na benchi lililobeba wanaume watatu na uongo wao wote. Ilikuwa mwaka wa themanini na tisa, watu wamerudi kutoka Zaire, na kahawa ya Mariam Poni ndiyo iliyowakusanya. Asubuhi moja Mariam alimimina kwa mkono wa kushoto. Gumba la kulia na vidole viwili vya jirani vilikuwa vimekufa ganzi. Daktari wa Arua alisema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Njia ni mbili: apasuliwe, au aendelee kufungwa ubao wa kushika kifundo. Jumatatu alitaka jibu. Mariam akawaambia wateja wake. Hapo alikosea.

— Pasua! — alisema Koplo Yugu, mpishi wa jeshi wa zamani. — Kambini walipasua askari moja asubuhi. Jioni iko napiga saluti mpaka kwa mbuzi.

— Na kabla ya hapo alipigia nani? — Mariam aliuliza.

— Alikuwa hapigi kabisa. Ndiyo ujue dawa iliingia.

Silvester, fundi wa baiskeli waliyemwita Spoki, alicheka kwa dharau.

— Koplo, wewe ulipasua vitunguu tu. Mama Poni, mshipa ni kama waya ya breki. Ikikwama ndani ya ganda yake, unakata? Unatia grisi! Funga ubao, paka samli, lala.

— Ubao nafunga usiku, na ganzi inapungua. Lakini mchana...

— Mama, usituingilie! — Spoki alimkata. — Sisi tunajadili mkono yako.

Kasimiro, jina la kijiweni Redio, alikuwa akingoja zamu yake.

— Huko Aru, Zaire, walipasua mutu moja, mshipa wakarudisha kichwa chini. Sasa akitaka kukuna mgongo, mguu ndiyo inapanda. Na usiku anaota kwa Kifaransa! Achana na dawa zote. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mama Poni iko na viwili vizima. Chawa watakufa tu.

Mariam alijitazama vidole. Shida yake haikuwa chawa. Nyumba yake nzima ilikula kutoka kwenye kinu alichotwangia kahawa kwa mkono huo.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mgeni, Drateru, mama kutoka Kuluba aliyeleta muhogo sokoni. Akaweka kikombe chini.

— Wazee, niulize. Akipasuliwa, mkono utapumzika?

— Lazima! Wiki nyingi, — alisema Koplo.

— Na akifungwa ubao?

— Usiku ubao, mchana asibebe kitu, — alisema Spoki.

— Sasa nani atatwanga kahawa?

Lori lilipita kwenda Kaya. Wote watatu wakalitazama kama vile limebeba mzigo wao. Spoki akakumbuka tairi la mtu. Redio akakumbuka matanga, ila hakutaja marehemu ni nani. Koplo alichelewa kukumbuka. Alikuwa bado amenyoosha kikombe kitupu, na Mariam akamshikisha mchi.

Koplo alitwanga kijeshi, kahawa na tangawizi yake zikaruka hadi barabarani. Haukupita muda akasimama, akikung'uta vidole.

— Mama Poni, hii ugonjwa inaambukiza?

— Inaambukiza mwenye kutwanga.

Mkono wa kulia wa Mariam ulikuwa umetulia mapajani, mara ya kwanza tangu alfajiri.

— Jumatatu nitamwambia daktari naendelea na ubao, — alisema. — Twanga, Koplo. Bado haijalainika.