Gari Haliondoki Mpaka Bosi Agonge

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na walezi, Ndugu Dereva uliyekubali leo kuvaa tai, wanafunzi wenzangu, na wewe mgeni wetu wa heshima, mhudumu wa basi letu tunayekuaga leo, ambaye hapa shuleni hatukujui kwa jina lingine ila Mama Twende: shikamooni.

Mniwie radhi, nasoma kwenye karatasi. Hotuba hii niliianza kwa lugha ya darasani, nikajiona najificha nyuma ya maneno makubwa. Nikaichana. Hii nimeiandika kwa lugha tunayotumia kugombania rimoti nyumbani.

Mdogo wangu mnamwona pale mbele, mwenye vizuia kelele vya bluu masikioni. Ana usonji. Alipoanza shule alipandishwa basi kama kabati: Baba mabega, mimi miguu, Mama nyuma na begi, akiwaomba radhi majirani. Nani kati yenu, wazazi, hajawahi kuomba radhi barabarani asubuhi? Nilikaa naye kiti kimoja. Nikamfunga mkanda, nikamjibia salamu, nikamfuta pua. Nilidhani huo ndio upendo, na labda ulikuwa.

Mama Twende alitutazama siku chache, kisha akasema, "Dada, kaa nyuma."

"Atalia, Mama."

"Alie. Kwani machozi yanakula mafuta ya gari?"

Kwake kila mtoto mdogo alikuwa na kazi ndani ya basi. Mdogo wangu, ambaye wakati huo hakuwa akisema neno, alipewa kazi ya kuliondosha. Ajifunge mkanda kwa mikono yake mwenyewe, kisha agonge kioo mara mbili, ndipo gari liende. Asipogonga, haliendi. Na siku za mwanzo, jamani, halikwenda! Nyuma yetu honi, mkanda unamponyoka, mimi nauma kucha, na Dereva ameegemea usukani kama mtu aliye likizo: "Msinisemeshe mimi. Bosi hajatoa amri." Mama Twende naye ameikalia mikono yake. Kweli kabisa, ameikalia, isije ikamsaidia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kamati yako iliwahi kuuliza kwa nini basi letu linachelewa. Ni hivyo tu. Kuna mtoto alikuwa anajifunga mkanda.

Sasa anakijua kituo chetu, na akishuka hageuki kuniangalia. Tulilipigania hilo, tukalipata, na bado naukumbuka uzito wa kichwa chake begani mwangu. Hakuna aliyenionya kwamba yeye akijitegemea, mimi nitabaki na bega tupu.

Wiki nzima nyumbani tumekuwa tukiulizana kwa kunong'ona: Mama Twende akiondoka, atapanda? Ameonyeshwa picha ya mhudumu mpya. Ameitazama, ameigeuza chini juu, ameirudisha mezani.

Asubuhi ya leo, safari ya mwisho ya Mama Twende, alipanda, akajifunga mkanda, kisha akaweka mikono mapajani. Alijua Mama Twende anaondoka. Dereva hakufanya mzaha wake. Honi zikaanza. Nikainuka ili nikamgongee mimi.

"Dada," akasema Mama Twende, hata hakugeuka.

Nikakaa. Nikaikalia mikono yangu.

Mdogo wangu akagonga mara moja. Akamtazama Mama Twende usoni, yeye ambaye hatazami watu usoni, akasema, "Kesho nagonga." Kisha akagonga ya pili, na gari likaondoka.

Waheshimiwa, wazazi wangu, wenzangu, asanteni kwa kunitegea masikio na kuivumilia karatasi yangu. Mama Twende, amri umeisikia mwenyewe. Sisi wa viti vya nyuma tumeikalia mikono, hakuna atakayekushika nguo. Nenda salama, Mama.