Alama za Makaa Mezani

Kiema, msomee susu, nyanya yako, haya yote, neno kwa neno, usiruke hata pale ninapokusema wewe au ninapomsema yeye. Nawe Mwaitu, mama mkwe wangu, kaa kwenye kiti chako ushike daftari vile nilivyokuonyesha asubuhi, maandishi yakikutazama wewe, hata kama utasema nakuchezea na hali najua hujui kusoma. Shika tu. Kiema asimame mbele yako, uso kwa uso. Mdogo wake Muthoki mpakate, asilale kabla sijamtaja.

Naandika mbio. Pikapu ya Muturi wa duka imeenda kuzibwa pancha, ikirudi napelekwa hospitali Mwingi nikapasuliwe, maana mkunga amenishika tumbo akasema mtoto amekingama kama mwiko juu ya sufuria. Naogopa. Nasema hapa kwa sababu kwa mdomo nimeshinda nikijifanya sijali, nikiulizia kuku kama wamefungiwa. Mwaka jana mke wa Mutiso alipelekwa hivi hivi, na mnajua alirudi amefunikwa nini.

Basi nisiporudi, mbuzi mweusi mwenye pembe moja ni wa Muthoki, si wa nyumba, na shemeji yangu Kiilu asije akamchinja eti kuna wageni. Muthoki mama, umesikia? Ni wako. Kiondo kile kipya ni chako Mwaitu, acha kukificha nyuma ya mlango ukidhani sioni. Cheti changu cha kidato cha nne kimo ndani ya Biblia, na mwanao Nzomo akija kutoka kazini Emali asiende nacho kuwaonyesha watu kama picha ya harusi. Na meza. Meza ni ya Kiema, na mtu asiipanguse! Zile alama za makaa kwenye ukingo, ambazo Mwaitu ulitaka kuzisugua kwa majivu juzi, ndizo mali kubwa ninayoacha katika nyumba hii.

Najua mmeamua. Wewe na Kiilu mmesema Jumatatu Kiema anatoka shule akachunge, kwa sababu ripoti imesema hafundishiki. Ulisema, Mwaitu, maneno ni yako: "Kichwa chake ni kizito kama cha babu yake, na mbuzi hawaulizi mtu herufi." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimetoka kwenye ule mkutano wa shule na masikio yananiuma.

Mkutano gani ule! Mwalimu Musembi amesimama anasema ana watoto sabini na wawili na vitabu kumi na vinne, na sisi wazazi tunamletea watoto kama watu wanaofunga punda sokoni, tukishafunga tumekwenda zetu. Ndolo wa kamati naye akaruka juu: tulichoma matofali, tukabeba mchanga mtoni, akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, wakachota maji ya ujenzi na mimba zao, tukajenga darasa, tukaambiwa mtaala mpya unataka karakana, tukajenga karakana, sasa mwalimu anataka tuingie na chaki pia? "Sisi tulijenga, wewe fundisha!" Makofi. Musembi akajibu, "Ukuta haujui kusoma, mzee." Makofi tena, na ni watu wale wale waliopiga makofi! Saa tatu nzima. Hakuna hata mmoja, na mimi nikiwemo, aliyesema, leteni mtoto mmoja hapa tumwone anavyosoma.

Kiema, sogea sasa. Simama ubavuni kwa susu, mkono wake wa kulia. Usilalamike, umeshafika hapo mezani, unaweza. Endelea.

Mwaitu, hili sikukuambia kwa sababu niliona haya. Unakumbuka barua ya Nzomo, ile iliyokuja na sabuni? Nilikuwa nimekaa napepeta ndengu, nikaifungua nisome kimoyomoyo kwanza, Kiema amechuchumaa mbele yangu ng'ambo ya ungo. Ghafla akaangua kicheko. Nikamuuliza nini. Akasema, "Baba ameng'olewa jino lisilouma, lililokuwa likiuma limebaki." Nami sijafika hapo! Niko bado kwenye salamu. Nikamuuliza nani amekuambia, akanitazama kama mimi ndiye mjinga: "Si imeandikwa hapo?" Nikamgeuzia barua, nikamwambia soma basi. Akatazama karatasi kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa nyumba asiyoijua. Nikairudisha ilivyokuwa, juu chini kwake, akaisoma yote mpaka sahihi ya baba yake, bila kugugumia hata mara moja.

Huyu mtoto niliyemchapa kwa mwiko. Huyu mnayesema kichwa kizito.

Kesho yake nilikwenda shule sijanywa hata uji. Nikachungulia dirishani nikaona. Kitabu kimoja, watoto watano. Kimewekwa mezani kikiwatazama wale watatu wenye viwiko vikubwa, na wadogo wawili wamekaa ng'ambo. Kiema amekaa ng'ambo tangu darasa la kwanza! Miaka minne amefuata kidole cha mwenzake kutoka upande ule, na akajua kusoma, wanangu, alijua kusoma kwa njia yake, mpaka siku ya mtihani anapopewa karatasi yake peke yake, imemtazama, na haijui. Na mtoto hakusema, kwa sababu alidhani ndivyo kitabu kilivyo.

Nilimtukana Musembi mbele ya darasa lake. Nilimwita mchungaji asiyehesabu kondoo. Akaniambia polepole, "Mama Kiema, mimi nikisimama mbele naona vichwa tu. Lakini wewe una kidato cha nne, na huyu analala nyumbani kwako. Ulikuwa wapi?" Sijawahi kumchukia mtu hivyo. Mpaka leo nikimwona njiani napita kichakani. Na alikuwa na haki, hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba alikuwa na haki na bado alikuwa na makosa. Miaka minne kila jioni nilimuuliza mtoto, umesoma? Akajibu ndiyo. Nikageukia mboga. Hata siku moja sikusema, leta nione. Nilidhani hiyo ni kazi ya mwalimu, naye alidhani ni yangu, na katikati mtoto akasoma vile alivyoweza.

Subirini. Maumivu yamekuja. Nimeshika meza.

Yamepita. Herufi zimeanza kuyumba, Kiema, nivumilie.

Alama ni hivi. Kitabu hakigeuzwi, kinakaa mahali pangu. Ni Kiema anayezunguka. Ya kwanza iko ng'ambo, ya tisa iko pale ninapokaa mimi. Kila siku nne anasogea alama moja na kusoma kurasa mbili kwa sauti, akikwama anarudi nyuma alama moja, halafu anasogea tena. Amefika ya tano, ubavuni. Zimebaki nne tu. Nne, Mwaitu! Na wewe unataka kumpa fimbo ya mbuzi.

Kwa hiyo naagiza. Kiema haendi malishoni siku ya shule. Kiilu ana miguu, achunge. Jioni, kabla ya chakula, wewe Mwaitu ukae na mtoto, hujui kusoma lakini unajua mtu anayekwama na mtu anayedanganya, hakuna anayekushinda kwa hilo. Muthoki akianza shule mwakani, mtu aende akachungulie dirishani aone amekaa upande gani. Na Nzomo amwendee Musembi, amwambie nilisema nisamehewe tusi, ila asogeze madawati. Vyote viwili. Asisahau cha pili.

Honi hiyo. Muturi amerudi. Huyu wa tumboni bado amekingama, sijui nyumba hii ina nini na kugeukageuka. Akiokoka bila mimi, mwiteni Syokau, jina lako Mwaitu, ingawa tumegombana kuhusu chumvi na kila kitu. Umenizika moyoni mara nyingi lakini hukuwahi kuninyima maji ya kuoga. Mungu akulipe. Mungu awashike wote, awape mvua, awape afya, na mtu wa kuwauliza jioni.

Wananiita. Mkono umechoka. Kiema, toka ubavuni, nenda nyuma ya kiti. Weka kidevu begani kwa susu. Sasa karatasi imekutazama wewe. Usiogope. Nimeandika kubwa.

KITI CHANGU NI CHAKO.

SOMA POLEPOLE.

SUSU ANANGOJA.